Majina Mawili, Mtu Mmoja

Kitale,
7 Juni 2004

Senge Phelista, shangazi yangu,

Hii ni wiki ya sita sijaona mwandiko wako. Nimehesabu kwenye kalenda ya ofisi, ile yenye picha ya trekta. Kwanza nilidhani cherehani imekubana na sare za shule. Halafu nikadhani unaumwa. Sasa nimefika mahali pa kudhani nimekukosea. Kama nimekukosea, niambie ni wapi, kwa sababu nimezirudia barua zangu zote kichwani na sijapaona.

Mimi ni mzima. Wakili Gachanja hajanifokea hata siku moja tangu Januari, jambo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa wengine wote anawafokea. Kutwa nzima ninapiga chapa hati za viapo. Hungeamini, Senge, ni watu wangapi wa Trans-Nzoia wenye majina yasiyopatana. Shuleni mtu aliandikwa Zachary, kitambulisho kikaandika Zakaria, na sasa chama cha ushirika kinamwuliza yeye ni yupi. Basi anakuja kwetu, anaapa kwamba majina yote mawili ni yake, wakili anagonga muhuri, na mambo yanaisha. Nimepiga hati kama hizo zaidi ya mia moja. Sentensi ya mwisho naipiga bila kutazama vidole: majina haya mawili ni ya mtu mmoja yule yule.

Gauni la maua ulilonishonea limenikaa vizuri. Nimelivaa Jumapili mbili kanisani, na Mama Chepkemei mwenye ploti ninakopanga chumba akaniuliza fundi ni nani. Nilimjibu kwa majivuno. Ulisema kitambaa kilibaki. Tafadhali usimpe mtu.

Simu ya binamu Derrick sitaki kuitumia. Ukiongea kwenye simu ya Derrick umeongea na soko zima la Bungoma.

Nina ombi moja dogo. Ukijibu, usiandike jina langu lote kwenye bahasha. Andika J. tu, na namba ya sanduku. Ni utaratibu wa ofisi.

Msalimie baba ukifika nyumbani Bokoli.

Wako mtiifu,
Nangila

*

Bungoma,
21 Juni 2004

Nangila,

Mimi siandiki J. tu. J. ni herufi, si mtoto niliyemlea tangu mama yake atuache naye yuko darasa la tatu. Barua hii nimempa Derrick aitie mkononi mwako mwenyewe.

Unauliza kwa nini siandiki. Niliandika mara mbili. Barua zote mbili zilirudi, na juu ya jina lako mtu alikuwa amechora mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika: Hajulikani hapa. Nimetumia kalamu nyekundu darasani miaka thelathini na moja, Nangila. Sikujua inauma hivyo.

Ndipo nikamtuma Derrick alipokuja huko kununua viazi. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha wateja na kukataa chai. Binamu yako, kukataa chai! Nakuandikia alivyosema.

"Senge, nilifika ofisini saa saba, nikakuta dada mmoja anakula mandazi. Nikasema namtafuta Nangila. Akasema, 'Nangila? Hatuna. Tuna Wangila.' Nikamwambia si Wangila bana, Nangila. Akasema, 'Wangila ametoka kula, atarudi saa nane, si umngoje?' Nikauliza huyo Wangila anakaa wapi. Akasema Tuwani, kwa Mama Chepkemei. Nikaenda. Mama mwenyewe akaniambia, 'Wangila ni chumba cha nne.' Mlango umefungwa. Kwenye kamba kuna mashati matatu ya kiume na suruari mbili. Na katikati ya suruari, senge, liko lile gauni la maua."

Ati suruari. Mpaka leo hajui r inakaa wapi na l inakaa wapi, lakini macho anayo.

Basi nijibu kama mtu mzima. Huyo Wangila unayekaa naye ni nani? Ni wa ukoo gani? Kama ni wa ukoo wetu, funga mizigo leo. Kama si wa ukoo wetu, bado nina maswali. Na hilo jina! Wewe uliitwa Nangila kwa sababu ulizaliwa njiani. Yeye naye ni Wangila, mwanamume aliyezaliwa njiani. Nyumba yenu itapata mtu wa kukaa ndani kweli?

Sijamwambia baba yako. Ninaweza kunyamaza wiki mbili, si zaidi. Unanijua.

Senge yako,
Phelista

*

Kitale,
26 Juni 2004

Senge,

Derrick alinipa barua yako getini. Alilitazama shati nililokuwa nimevaa, akasema, "Hata nguo mnavaliana siku hizi?" Akarudi kwenye viazi vyake.

Nisamehe kwa barua zilizorudi. Dada wa mandazi anaitwa Kabura. Alianza kazi Mei, na ndiye anayechukua barua posta sasa. Hajawahi kulisikia jina Nangila.

Kuhusu Wangila. Nimeianza sentensi hii mara tano.

Wangila ni mtu wa kimya. Hanywi, hagombani na watu. Anafanya kazi katika ofisi yetu. Kuhusu ukoo, hakuna mwiko uliovunjwa. Hilo naweza kuliapa. Anapenda shati lililopigwa pasi vizuri, na hulifunga hadi kifungo cha juu kabisa. Akitembea huku mikono iko mfukoni, mabega yake hushuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Ananifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, na akiwapo mimi siogopi sana. Ila hajazoea kutazamwa. Anaogopa kwamba watu wakimwona watamcheka.

Tafadhali usimhukumu kabla ya kumjua. Na tafadhali usimwambie baba.

Hakuna neno la uongo katika barua hii. Nimeisoma tena ili nihakikishe.

Nangila

*

Bungoma,
12 Julai 2004

Nangila mwanangu,

Nimemwambia baba yako.

Nilijaribu. Nilienda Bokoli kumpelekea suruali yake ya kanisani, ile niliyoipunguza kiuno. Akaniuliza, "Mtoto anasemaje?" Nikasema ni mzima. Akaniuliza, "Mzima tu?" Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamsomea barua yako, pale pa Wangila. Aliniomba nirudie mahali pa kifungo cha juu, na mahali uliposema kwamba huogopi sana. Halafu akayatazama mahindi yake muda mrefu. Unamjua Eliakim, hana haraka na neno.

Akasema, "Mtu anayemfanya huyo mtoto asiogope, mimi nataka kumwona."

Alisema huyo mtoto, kwa sababu anakumbuka. Wewe uliogopa hata kengele ya shule.

Kwa hiyo ni Jumamosi, tarehe 28 Agosti, saa nne, Bokoli. "Si sherehe, ni chai tu," alisema, na papo hapo akaanza kuchagua jogoo. Wangila aje na mtu mzima mmoja wa kwao wa kumsemea. Agneta wa kwaya ameshaombwa viti.

Mimi hasira zimeniisha. Mtu anayepiga pasi shati lake mwenyewe hawezi kuwa mbaya sana. Ni mrefu? Anakula ugali wa wimbi, au ni wale wa mkate? Niandikie nijue cha kupika.

Senge yako

*

Kitale,
19 Julai 2004

Senge,

Wangila hawezi kuja tarehe 28. Kazi ni nyingi ofisini mwezi huo. Pia hana mtu mzima wa kuja naye. Pia ana kikohozi.

Tafadhali rudisheni viti.

N.

*

Bungoma,
30 Julai 2004

Nangila,

Mwanafunzi akiniletea sababu moja ninamwamini. Akileta tatu ninamrudisha akaandike upya.

Baba yako hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniambia, "Basi anatuonea haya." Akalitoa koti lake la ibada sandukuni na kulitundika mlangoni, na sasa anasema kama Wangila hawezi kuja kwetu, yeye atamfuata Wangila. Jumatatu tarehe 16 anakuja Kitale na Derrick, moja kwa moja mpaka ofisini. Ataulizia mlangoni.

Mwanangu, kama mtu huyo anakupiga, niandikie neno moja, nami nitakuja kesho yake. Kama ana mke mwingine, niandikie. Kama hayupo kabisa na umemtunga, niandikie hilo pia. Nimefika umri wa kuvumilia chochote. Kutojua tu ndiko kunanishinda.

Phelista

*

Kitale,
4 Agosti 2004

Senge,

Hapigi mtu. Hana mke. Yupo.

Nimeshindwa kuliandika jambo hili kama barua. Nimechana kurasa nane. Mwishoni nimeliandika kwa njia pekee ninayoiweza, nikalipiga chapa saa ya chakula Kabura alipokwenda posta. Hati zetu huwa za Kiingereza, na katika Kiingereza kipengele cha kwanza hudai useme kama wewe ni mtu mzima wa kiume au wa kike. Cha mteja hukipiga mbiombio. Nilipofika kwangu vidole vilisimama. Nikageukia Kiswahili, nikaandika mtu mzima, basi, na sentensi ikasimama yenyewe bila kudai kitu kingine.

HATI YA KIAPO

Mimi, JOAN NANGILA, ninayeishi Tuwani, Kitale, naapa na kusema hivi:

1. KWAMBA mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, na sikulazimishwa na mtu.

2. KWAMBA Januari mwaka huu Wakili Gachanja alilisoma jina langu kwenye barua ya kazi na kulitamka Wangila. Kwao majina mengi ya wasichana huanza na Wa, kama la mke wake, Wamboi. Alidhani ananiita jina la msichana. Hakujua kwamba kwetu herufi hiyo ya kwanza ndiyo inayotenganisha mvulana na msichana.

3. KWAMBA ningeweza kumsahihisha. Nilifungua mdomo, nikasema, "Ndiyo, bwana." Kibao cha mezani kikaandikwa J. WANGILA, na hata chumba nilitafutiwa kwa jina hilo.

4. KWAMBA mashati matatu na suruali mbili alizoziona Derrick ni zangu. Gauni la maua pia ni langu, na ninalipenda.

5. KWAMBA nikiitwa Wangila kuna mtu ndani yangu anayeinua kichwa, kama aliyekaa kwenye foleni ya hospitali tangu asubuhi akasikia namba yake. Si mimi mzima. Sitaki kuwa mwanamume, wala sijawahi kujiona kuwa msichana tu. Sehemu yangu ni ya kiume. Iliyobaki sina jina lake. Siku nyingine sehemu hiyo ni kubwa, siku nyingine ni ndogo, lakini haijawahi kukosekana. Wewe ukiniita Nangila sichukii. Ni jina zuri. Ila likiwa peke yake linanibana, kama kiatu cha mwaka jana.

6. KWAMBA mwezi uliopita alikuja mteja kutoka Kimilili, akakisoma kibao akiwa mlangoni, akaita kwa sauti, "Wangila! Wewe ulitahiriwa mwaka gani?" kama wanaume wa kwetu wanavyoulizana. Nikainua uso. Alinitazama, akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni Nangila! Wakili, karani wako amepotea njia!" Wakili hakuuelewa mzaha huo. Nilicheka pamoja nao. Halafu nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka Kabura akabisha. Kwa baba, ninachoogopa ni kicheko hicho. Kiboko siogopi.

7. KWAMBA Wangila niliyekuandikia habari zake tarehe 26 Juni ni mimi. Kila neno lilikuwa kweli, na bado nilikudanganya.

8. KWAMBA naomba radhi kwa kuwa hivi nilivyo.

9. KWAMBA majina Nangila na Wangila ni ya mtu mmoja yule yule.

Nafasi ya shahidi nimeiacha wazi, kwa kuwa sina wa kumwomba.

Ukitaka kuichoma, ichome. Ila nakuomba, usimwache baba aje kuulizia mlangoni. Kabura atamjibu kwa furaha, atamwonyesha meza yangu, na mimi nitakuwa nimekaa pale.

J.

*

Kitale,
20 Agosti 2004

Senge,

Jumatatu imepita. Nilitazama mlango kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni. Kila kofia iliyopita dirishani ilikuwa ya baba. Hakuja. Jumanne hakuja. Niliharibu hati mbili, na Wakili Gachanja akanifokea kwa mara ya kwanza. Karibu nimshukuru.

Kila siku Kabura anatoka posta na kuniambia, "Wangila, leo hakuna."

Sijui kama huku kunyamaza ni huruma au mmenifungia mlango. Kama ni mlango, niambie tu.

J.

*

Bungoma,
22 Agosti 2004

Nangila,

Itazame bahasha. Nimeandika J. WANGILA kwa herufi kubwa, ili yule dada wa mandazi asinirudishie. Mkono ulisita kwenye hiyo W. Haikuwa hasira. Haujazoea tu. Humu ndani nimeandika jina ninalolijua. Utanivumilia, ninajifunza moja moja.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa ninasahihisha. Hati yako nairudisha, iko humu. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, ati wiki zote hizi ninapanga kupikia mtu ambaye nimempikia miaka kumi na tano. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nikaiweka chini ya mkasi, nikashona sare sita bila kuinua uso. Mara ya nne nikachukua kalamu nyekundu.

Kosa nimeliona moja tu. Kipengele cha nane nimekikata. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuomba radhi kwa jibu sahihi, na wewe hutaanza leo. Cha tisa sasa ni cha nane. Pale pa shahidi nimetia sahihi yangu. Najua sina muhuri wa wakili. Nimegonga ule wa zamani wa shule, wa "Imeonekana".

Sitakudanganya kwamba nimeelewa yote. Kipengele cha tano nimekisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa kidole. Nitakuuliza maswali ya kijinga na utanijibu. Lakini kuna jambo nimelikumbuka. Mwalimu wa zamu alipokuwa akiita, "Wavulana huku, wasichana kule," wewe ulikuwa unainama kufunga kamba ya kiatu. Kila asubuhi. Ulikuwa unafunga mpaka mistari yote miwili ikaingia darasani, ndipo unaingia nyuma yao peke yako. Nilidhani kamba ni mbovu. Nilikununulia mpya mara tatu, Nangila. Mara tatu! Na mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa mwalimu.

Sasa habari za baba yako. Nilimwahi Jumapili, kabla ya hiyo Jumatatu yake. Koti lilikuwa limeshapigwa pasi. Nilimwambia nusu. Nilisema, "Eliakim, hakuna mwanamume. Wangila ni Nangila. Wakili, ambaye kwao wasichana huitwa Wamboi, aliteleza ulimi, mtoto akaona jina linamkaa, akaogopa kutuambia." Nusu iliyobaki ni yako. Utaisema siku utakayopenda, au hutaisema.

Alicheka, ndiyo. Usishtuke. Alimcheka Gachanja. "Msomi mzima hajui kutofautisha N na W!" Alicheka mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Halafu akafumba macho. Nikadhani amelala.

Akasema, "Siku ile pale Kiminini, mama yake akijifungua kwenye nyasi kando ya barabara, mimi nilikuwa na majina mawili mkononi. Si sikujua atakuja nani? Moja nikalitoa. Lingine nikalirudisha mfukoni." Akaupapasa mfuko wa koti, lile la ibada, kama mtu anayetafuta miwani. "Kumbe halikupotea."

Ni hayo tu. Sijui ameelewa kiasi gani. Baba yako huelewa polepole, lakini sijaona siku aliyoelewa kitu akakirudisha.

Viti havirudishwi. Tarehe 28 iko pale pale. Jogoo naye ameshachaguliwa, na hajui habari za herufi. Tulipanga chakula cha Nangila na cha Wangila, kwa hiyo njoo na njaa ya watu wawili.

La mwisho. Mashati ya mitumba nayajua, mabega yanakushuka mpaka kwenye viwiko. Ninataka kukushonea shati la kweli, la mikono mirefu, mfuko mmoja, kola ya kufungwa mpaka juu kama unavyopenda. Nimenunua kitambaa cha buluu. Nimechora vipande vyote kwenye karatasi, na nimekwama kwenye vifungo. Shati la mwanamume vifungo hukaa upande wa kulia, la mwanamke hukaa kushoto. Miaka yote hii mkono wangu ulikuwa unajua bila kuuliza. Sasa haujui, na mimi sitaki ubahatishe.

Cherehani imesimama. Niambie ni upande gani.

Senge yako,
Phelista

*

Kitale,
25 Agosti 2004

Senge,

Kabura ameniletea bahasha akiwa ameiinua juu: "Wangila, leo iko!" Nimeifungulia pale pale mezani, mbele ya wateja wawili, na nikasahau kuogopa mpaka nilipofika kwenye sahihi yako.

Hati nimeiweka kwenye droo yangu. Nimepiga hati za watu zaidi ya mia moja, na hii ndiyo ya kwanza iliyo yangu. Muhuri wa "Imeonekana" umegongwa juu chini. Nimeuacha hivyo hivyo.

Derrick yuko huku kwa ajili ya viazi, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Amekaa kwenye kiti cha Kabura, nami nimemweleza. "Ati nilikuwa namtafuta mtu na nimesimama mbele yake?" amesema. "Na nyinyi mkanyamaza tu! Sasa nikuite nani?" Nimemwambia aniite lolote kati ya hayo mawili. Amefikiri kidogo, akanisalimu, "Niaje, Wangila?" Akaona jinsi nilivyotabasamu, akatazama pembeni, halafu akaomba chai. Amekunywa vikombe viwili.

Kwa baba bado ninaogopa. Nimekaa mara mbili nikijaribu kupanga nitakachomwambia, na sijapata sentensi. Labda Jumamosi nitakunywa chai tu. Labda nitamwomba anionyeshe ule mfuko wa koti.

Ugali wa wimbi ninakula, unajua.

Shati nalihitaji. Vifungo, tafadhali, viwe upande wa kulia. Lakini kitambaa cha buluu kiweke. Nishonee kwa kile cha maua kilichobaki.

Nitafika saa nne, peke yangu, nikiwa na njaa.

Nangila,
ambaye pia ni Wangila